Neno «mia»: kutoka pwani mpaka kwenye mzani wetu

Wachimbaji wenzangu wa Masisi na Walikale, «mia» iko mdomoni mwetu kila siku. Mama anauza ndizi za mia tano, kijana anajibu «niko sawa mia kwa mia». Lakini neno hili lilitoka wapi?

Mia ni Kiarabu. Watu wa pwani na Unguja walikuja nalo karne ya 19, wakati misafara ya pembe ilifika Nyangwe na Kasongo, kule Maniema. Sita, saba na elfu vilevile ni Kiarabu. Lakini mbili, tatu, tano na kumi ni za Kibantu. Ndiyo maana mwenye kusema Kinyarwanda anasikia kumi ni ndugu ya icumi, lakini mia yeye anaita ijana.

Wazee wanakumbuka: kuanzia mwaka 1967, zaire moja ilikuwa makuta 100. Zaire ilikufa, likuta ikakufa, lakini mpaka leo pesa tunaita makuta.

Sasa tufike kwenye mzani. Kile ma-négociants wanaita teneur ni hesabu ya mia tu. Coltan ya teneur 30, maana yake katika kilo 100 ya mawe, kilo 30 ndiyo oksidi ya tantali. Mfuko wa kilo 50 ni nusu ya mia, basi ndani muko kilo 15. Kama mnunuzi anaandika 25, zinabaki kilo 12 na nusu. Kilo mbili na nusu zimepotea kwa mfuko mmoja, na hakuna mtu aligusa mzani.

Kwa kasiterite, mtu asikudanganye kwamba bei inashuka kwa sababu «yako haifike mia». Hakuna inayofika. Hata ile safi kabisa, bati ndani yake ni karibu 79 kwa mia. Inayobaki ni oksijeni.

Basi, wababa na wamama, mbele mfuko haujatoka mikononi mwenu, andikeni kwenye kaye namba tatu: kilo, teneur, bei. Ombeni kuona karatasi ya kipimo. Wale wamebeba kilo 50 mgongoni kutoka Bisie mpaka Njingala, ndani ya pori, wanajua kilo mbili na nusu ni jasho gani.