Mafuta ya Asili: Je, Yote ni Salama kwa Ngozi?

Baridi ya Uingereza imeanza, na hita zinakausha hewa ya nyumbani. Ngozi inapauka na kuwasha. Mafuta ya nazi, ya ufuta, ya nyonyo na siagi ya shea husaidia: huziba nyufa ndogo zilizo kati ya seli za juu ya ngozi, maji yasitoke haraka.

Lakini neno “asili” kwenye chupa peke yake halithibitishi usalama. Tazama mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika. Mbegu yake ina sumu kali iitwayo risini. Mafuta yake hupakwa bila shida kwa sababu sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta. Hubaki kwenye mashudu baada ya kukamua.

Karanga nazo zina funzo. Mwaka 2003, watafiti wa hapa Uingereza walipata uhusiano kati ya krimu zenye mafuta ya karanga walizopakwa watoto wachanga na mzio (aleji) wa karanga baadaye. Ngozi yenye ukurutu hupitisha vitu kwa urahisi.

Ndiyo maana sheria hapa inataka kila kipodozi kipimwe usalama kabla ya kuuzwa. Mtaalamu, kwa mfano mfamasia, daktari au mtaalamu wa sumu, huangalia kila kiambato: ni kiasi gani, ni safi kiasi gani, kitapakwa wapi na nani atakitumia. Vipodozi vya watoto wa chini ya miaka 3 hufanyiwa tathmini ya pekee. Sheria inamhusu hata anayetengeneza jikoni kwake ili auze. Chupa isiyo na lebo haikuelezi lolote kati ya hayo.

Kazi ya nyumbani

Watoto, chukueni chupa za mafuta nyumbani mtafute majina haya:

Cocos Nucifera – mnazi
Sesamum Indicum – ufuta
Ricinus Communis – mnyonyo
Arachis Hypogaea – karanga
Butyrospermum Parkii – mshea

Kiambato kilicho kingi huandikwa mwanzo. Chupa ikijisifu kwa shea, na shea imeandikwa karibu na mwisho, mmeshajua ni kidogo!

Wazazi, mafuta mapya yajaribuni kwanza kidogo ndani ya mkono, msubiri siku moja. Mtoto mwenye ukurutu au mzio, muulizeni mfamasia kabla ya kumpaka.

Msamiati

Kiambato: kitu kimoja kati ya vilivyochanganywa.
Mashudu: makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta.
Ukurutu: ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha.