Mjumbe wa Serikali na Bei ya Mkonge: Mipaka ya Majadiliano ya Biashara ya Kilimo kwa Mtazamo wa Korogwe

Kerenge ni kata ya Wilaya ya Korogwe, katika mkoa ambao uchumi wake umefungamana na mkonge kwa zaidi ya karne moja. Zao hilo liliingizwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Tangu wakati huo, ujira wa mkata mkonge na mapato ya halmashauri za Korogwe vimetegemea bei ambayo haipangwi Tanga wala Dar es Salaam. Anayetumwa na serikali kuitetea bei hiyo ughaibuni ni mjumbe wa majadiliano ya biashara, mtumishi ambaye kazi yake huandikwa kwa nadra katika tafiti za Kiswahili. Makala hii inafafanua kazi hiyo kwa kutumia mkonge kama mfano, na inajenga hoja kwamba mjumbe hujadiliana na waliopo mezani, ilhali nguvu inayoamua bei mara nyingi haikualikwa.

Kwanza ieleweke kwamba mjumbe hana kauli yake mwenyewe. Huondoka nchini na maagizo yaliyokubaliwa baina ya wizara zinazohusika na biashara, kilimo, fedha na mambo ya nje, na kila wizara huwa na hofu yake. Wizara ya kilimo hutaka soko, na ile ya fedha huchelea kupoteza ushuru wa forodha. Hata akifikia maafikiano, saini ya serikali haitoshi kwa mikataba ambayo masharti yake yanataka kuridhiwa: Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano imelipa Bunge mamlaka ya kuijadili na kuiridhia. Kwa hiyo mjumbe hujadiliana mara mbili, nje na nyumbani, na majadiliano ya nyumbani si mepesi kuliko yale ya nje.

Mkonge unaonesha mipaka hiyo kwa uwazi usio wa kawaida. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takribani tani 230,000, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Mwaka huohuo bei ilianza kuporomoka, na ilipofika 1968 ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Mwaka 1967 nchi zinazozalisha na zinazonunua nyuzi ngumu zilikutana Roma chini ya FAO na kukubaliana juu ya mpango wa mgawo wa mauzo ya nje, pamoja na bei ya kulengwa. Mpango huo uliitwa usio rasmi, na jina lilisadifu. Haukuwa mkataba wa kuridhiwa, haukuwa na ghala la akiba la kununua ziada, wala haukuwa na adhabu kwa nchi ambayo ingevuka mgawo wake. Kila mjumbe alitegemea uaminifu wa mwenzake, huku Brazili ikiendelea kupanua mashamba yake ya kaskazini-mashariki.

Hata hivyo, kuwalaumu wajumbe wa Roma kwa udhaifu wa mpango ule ni kuliona tatizo nusu. Mshindani mkuu wa mkonge hakuwa Brazili wala Kenya. Alikuwa polipropilini, uzi unaotokana na mafuta ya petroli, ambao viwanda vya Ulaya na Marekani vilianza kuutumia kutengeneza kamba za kufungia majani makavu ya mifugo, yaani bidhaa ileile iliyobeba sehemu kubwa ya soko la mkonge. Wenye viwanda hivyo hawakuwa na sababu ya kukubali mgawo wowote. Wazalishaji wa mkonge walikabiliwa na mtego: wakizuia mauzo ili bei ipande, wangemfungulia mlango polipropilini; wakiuza kwa wingi, bei ingezama zaidi. Hakuna ufasaha wa mjumbe ambao ungeweza kuutegua.

Ushahidi wa jambo hili ulikuja miaka michache baadaye. Baada ya nchi zinazouza mafuta kupandisha bei mwishoni mwa 1973, gharama ya nyuzi za viwandani ilipanda na bei ya mkonge ikaruka ghafla. Kupanda huko hakukuletwa na mpango wa Roma. Uamuzi wa mataifa ya mafuta, ambayo hayakuwa na habari na Korogwe, ulifanya ndani ya miezi michache kile ambacho wajumbe walikitafuta kwa miaka. Kwa bahati mbaya, bei ilipopanda, mashamba mengi ya Tanga yalikuwa yamekwisha kudhoofika. Wapo wanaoeleza anguko la mkonge kwa utaifishaji wa 1967 peke yake. Maelezo hayo yana sehemu yake ya ukweli, hasa kuhusu uendeshaji wa mashamba, lakini mfuatano wa tarehe hauyaungi mkono kikamilifu, kwa kuwa bei ilianza kuanguka miaka mitatu kabla ya shamba lolote kutaifishwa.

Ikiwa bei yenyewe haijadiliki, mjumbe hubakiwa na nini? Jibu mojawapo linapatikana Hale, ndani ya Wilaya ya Korogwe. Singa hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani la mkonge. Kinachobaki baada ya jani kupita kwenye korona kilikuwa kikitupwa. Katika muongo wa 2000, Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, taasisi yenye makao Amsterdam iliyozaliwa na majadiliano ya Umoja wa Mataifa kuhusu bei za mazao, ulishiriki kugharimia mtambo wa majaribio wa kuzalisha gesi na umeme kutokana na mabaki hayo. Mfuko huo uliongozwa kuanzia 2004 hadi 2012 na Balozi Ali Mchumo, Mtanzania ambaye mwaka 1999 aliongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani mjini Geneva. Inafaa kukumbukwa kwamba Mfuko ulibuniwa kwa lengo kubwa zaidi, yaani kugharimia maghala ya akiba ya kuzuia bei zisiyumbe. Lengo hilo halikutimia. Lililotimia ni lile dogo, la miradi ya kuongeza thamani, na ndilo lililofika Hale.

Mfano wa karibuni ni Mkataba wa Ubia wa Uchumi baina ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Majadiliano yake yalikamilika Oktoba 2014, na Jumuiya ilikubali kufungua asilimia 82.6 ya soko lake hatua kwa hatua kwa miaka 25. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na Novemba mwaka huo Bunge likaishauri serikali isisaini. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa ameupinga hadharani. Wapo waliouona uamuzi huo kama usaliti wa kazi ya wajumbe wenyewe. Lakini mizani ya nchi hizi haikuwa sawa. Kenya, isiyo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, ingetozwa ushuru kwenye maua yake bila mkataba. Tanzania tangu 2001 imeingiza bidhaa zake Ulaya bila ushuru wala kikomo, isipokuwa silaha. Wajumbe wa Jumuiya waliketi upande mmoja wa meza wakiwa na haja mbili tofauti. Kenya hatimaye ilisaini mkataba wake peke yake Desemba 2023, nao ukaanza kutumika Julai 2024.

Nafuu ya Tanzania, hata hivyo, haina umilele. Katika tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2024, Tanzania ilitimiza kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka katika kundi la nchi zenye maendeleo duni. Ikitoka, msamaha wa Ulaya utakoma baada ya kipindi cha mpito cha miaka mitatu. Singa ghafi hazitaathirika sana, kwa kuwa ushuru huongezeka kadiri zao linavyosindikwa. Kamba ndiyo itakayotozwa. Wakulima wadogo wa mkonge waliopewa maeneo tangu 1999 katika mashamba ya Korogwe, kama Magunga, Mwelya na Ngombezi, huuza jani ili lisindikwe na viwanda vya mkoa. Mjumbe atakayerudi Brussels siku hiyo atajadili ushuru wa kamba bila turufu ambayo mtangulizi wake alikuwa nayo mwaka 2016.