Viza ya kwenda kumwona babu

Katika moja ya hazina kubwa za vipimo vya mafuvu ya binadamu duniani, kuna kundi lililoandikwa jina la Teita. Ni mafuvu 83: ya wanaume 33 na ya wanawake 50, kwa makadirio ya aliyeyapima. Yalitolewa katika milima ya Taita, Kenya, enzi za ukoloni, yakapelekwa Cambridge, Uingereza, na huko William Howells wa Chuo Kikuu cha Harvard akayapima kila upande, kuanzia upana wa paji la uso hadi urefu wa tundu la jicho. Hazina yake ina mafuvu 2,524 kutoka jamii 28. Mtaalamu wa Japani au Brazili anayetaka kulinganisha fuvu alilookota na la Mwafrika wa mashariki, mara nyingi hulinganisha na la Mdawida, yaani Mtaita.

Mafuvu hayo hayakuwa yametupwa porini. Kwa desturi ya zamani ya Wadawida, mzee alipofariki alizikwa, na baada ya muda kaburi lilifunguliwa na fuvu likahamishiwa kwenye pango la ukoo, ngomenyi. Huko ndiko watu walikokwenda mvua ilipokataa au maradhi yalipoandama boma. Wamishonari walipofika, Sagalla mwaka 1883 na Bura mwaka 1892, desturi hiyo ikaanza kufifia. Mapango yalibaki. Kwa mgeni mwenye rula na sanduku, yalikuwa stoo isiyo na kufuli.

Sasa mfikirie kijana wa Ronge, wadi ya eneo bunge la Mwatate inayoanzia kwenye baridi ya Ronge Juu na kuteremka hadi kwenye vumbi la Ronge Nyika. Amesoma historia, amepata shahada ya uzamili, anafundisha chuoni kwa mkataba, na anataka shahada ya uzamifu. Mada aliyoichagua ni jinsi sayansi ya rangi ya ngozi ilivyowatumia watu wa kwao. Kijana huyu ni wa kubuni. Vikwazo vinavyomsubiri si vya kubuni.

Aanzie wapi? Pengine mwaka 1931, jarida la Biometrika la London lilipochapisha utafiti wa E. Kitson kuhusu fuvu la Mwafrika, uliotegemea mafuvu kutoka Koloni la Kenya. Miongoni mwa walioanzisha jarida hilo alikuwa Karl Pearson, bingwa wa takwimu aliyeamini kwamba jamii za watu zinaweza kupangwa kwa ubora kama mbegu za ng'ombe. Miaka hiyohiyo, jijini Nairobi, daktari F. W. Vint alikuwa akipima ubongo wa Waafrika waliofia hospitalini na kutangaza kwamba haukufikia kiwango cha ule wa Mzungu. Mwenzake H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alizitumia takwimu hizo kuhoji faida ya kumsomesha Mwafrika. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wakaanzisha Nairobi chama kizima cha kuchunguza namna ya kuboresha kizazi. Hayo hayakuwa mazungumzo ya klabuni tu, kwa sababu yaligusa bajeti ya shule, mishahara na ardhi.

Kinachoshangaza ni kwamba mafuvu yaleyale yalikuja kuishtaki sayansi iliyoyachukua. Mwaka 1994 Mmarekani John Relethford alizichukua namba za Howells, za Teita zikiwemo, akauliza ni kiasi gani cha tofauti za mafuvu kinatokana na bara alikotoka mtu. Akakuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya tofauti zimo ndani ya watu wa eneo mojamoja, na sehemu ndogo tu ndiyo inayotenganisha bara na bara. Mwaka 2005 Frank L'Engle Williams na wenzake walijaribu programu ya kompyuta inayobashiri asili ya fuvu kwa kutumia vipimo hivyo. Wakailisha mafuvu ya kale ya Nubia, nayo ikayatawanya pembe mbalimbali za dunia.

Kwa hiyo namba zipo, na yeyote mwenye bando anaweza kuzipakua bila malipo. Lakini kijana wetu akitaka kuyaona mafuvu yenyewe, kusoma lebo zilizobandikwa, kujua nani aliyachukua, kutoka pango gani na kwa ruhusa ya mzee gani, itambidi aende Cambridge. Ataandaa taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko, na maelezo ya kumridhisha ofisa wa ubalozi kwamba atarudi nyumbani. Yaani ataomba viza ya kwenda kumwona babu yake. Mtafiti wa Cambridge anayetaka kuja Taita hununua tiketi, akajaza fomu mtandaoni, na jioni ya pili yuko Wundanyi anakunywa chai.

Tuseme ukweli, Taita haijanyimwa watafiti. Alfred na Grace Harris, Wamarekani, waliishi milimani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu cha Grace kuhusu dini ya Wadawida kilitoka mwaka 1978. Bill Bravman, Mmarekani mwingine, alichapisha historia ya jamii hiyo mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo chake cha utafiti Wundanyi. Ndege wa misitu midogo kama Ngangao, Mbololo na Ronge wamevishwa pete, wamepimwa na kuandikwa pengine kuliko ndege wa kaunti nyingine yoyote nchini. Kazi hizo ni nzuri na zimesaidia kuilinda misitu. Hata hivyo zinaonyesha fedha hufuata nini: ukisema mabadiliko ya tabianchi, mlango unafunguka. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati yake mwaka 2016, kina kituo cha uhandisi wa madini kilichoanzishwa kwa ushirikiano na vyuo vya Ujerumani. Kwa madini na miti utapata mfadhili. Kwa swali la nani alipata ardhi na nani aliikosa kwa sababu ya rangi yake, mfadhili hukuuliza kwanza kama unaweza kuongeza kipengele cha miti.

Juu ya hayo kuna maisha ya kawaida ya mhadhiri wa Kenya. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021, fedha walizokuwa wamezitolea jasho miaka mingi kabla. Mwenye mkataba wa muda, anayelipwa kwa saa za darasani, hata mgomo humtupa nje, kwa maana hana mshahara wa kudai. Kupanda cheo kunahitaji shahada ya uzamifu na makala katika majarida yanayotambulika. Majarida yenye sifa mengi yako Ulaya na Marekani, na baadhi humtoza mwandishi ada inayozidi mshahara wake wa mwezi. Utafiti wenyewe unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kabla ya leseni, idhini ya kamati ya maadili, ambayo nayo ina ada. Si ajabu wengi huishia kwenye majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote wiki mbili baada ya M-Pesa kuingia.

Kuna shinikizo jingine lisilo na risiti. Nalo ni swali la nani anaaminiwa.

Kwenye barabara kuu ya Mombasa, kaskazini ya Voi, ipo Manyani. Leo watu hulijua jina hilo kwa gereza na chuo cha askari wa wanyamapori. Mwaka 1954, baada ya msako mkubwa wa Aprili jijini Nairobi, ilikuwa miongoni mwa kambi kubwa zaidi za wafungwa wa Mau Mau, iliyojaa maelfu ya wanaume waliozuiliwa bila kesi. Caroline Elkins wa Harvard alipotoa kitabu chake kuhusu kambi hizo mwaka 2005, wanahistoria kadhaa walimrukia. Amewaamini mno wazee, walisema. Kumbukumbu za wazee wa vijijini si ushahidi. Kitabu kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na bado lawama hazikukoma. Baadhi zilikuwa na uzito: mtaalamu wa takwimu za watu John Blacker alionyesha mwaka 2007 kwamba makadirio yake ya vifo yalikuwa makubwa mno. Lakini kuhusu mateso, wazee walikuwa wamesema kweli. Kesi yao ya kudai fidia ya mateso hayo ilipofika mahakamani London, serikali ya Uingereza ililazimika mwaka 2011 kukiri kwamba inahifadhi maelfu ya faili za makoloni huko Hanslope Park. Faili za Kenya, takriban 1,500, zilikuwa zimesafirishwa kimyakimya kabla ya uhuru.

Maagizo ya kuzipanga faili hizo yanatosha kuwa sura nzima ya tasnifu. Zilizopigwa mhuri wa siri fulani zilipaswa kushikwa na maofisa wenye asili ya Ulaya peke yao. Karani Mwafrika, hata mwaminifu namna gani, hakuruhusiwa kuona hata kasha. Basi, kwa karibu miaka 50, aliyekuwa na karatasi alisema hakuna ushahidi, na aliyekuwa na makovu aliambiwa alete karatasi. Juni 2013 Uingereza ilitangaza kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Elkins alipigwa maneno, lakini alikuwa na Harvard nyuma yake. Mkenya aliyechimba historia hiyohiyo kabla yake alipigwa pingu. Maina wa Kinyatti, mhadhiri wa historia wa Chuo cha Kenyatta, alikuwa akikusanya nyimbo na nyaraka za Mau Mau. Juni 1982 polisi walivamia nyumba yake na kubeba makaratasi ya miaka mingi. Alihukumiwa kifungo cha miaka sita kwa kukutwa na andiko la uchochezi, akatoka mwaka 1988 macho yakiwa yameharibika. Serikali iliyomfunga ilikuwa ya Waafrika. Hapo ndipo mtafiti wa masuala haya hujikuta hana kambi: akiandika juu ya mkoloni huitwa mchochezi nyumbani, akiandika juu ya aliyerithi kiti cha mkoloni huitwa kibaraka wa nje.

Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya aliyefanya kazi ndefu Pwani na Tsavo, anaijua njia hiyo nyembamba. Wakoloni walifundisha kwamba miji ya Waswahili ilijengwa na wageni, na kizazi chake kikatumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba mizizi ya miji hiyo ni ya Kiafrika. Kisha Machi 2023, jarida la Nature likachapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, naye akiwa miongoni mwa waandishi. Mifupa ilitoka Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na kwingineko, na pia Makwasinyi, bara kidogo, katika eneo la Kasigau hapohapo Taita Taveta. Ilionekana kwamba wengi wa watu wa pwani walikuwa na mama wa Kiafrika na, kuanzia karibu mwaka 1000, baba ambao wengi wao walikuwa na asili ya Uajemi.

Kelele zikaanza. Wapo walioshangilia kwamba sasa wamethibitishwa kuwa Washirazi halisi, na wapo walioona mkoloni amerudi kwa mlango wa maabara. Utafiti wenyewe haukusema la hawa wala la wale: lugha, chakula na ustaarabu wa miji ile vilibaki vya Kiafrika. Na ni vigumu kutogundua kwamba mifupa ya Makwasinyi ilitumiwa kupimia upande wa Kiafrika wa vinasaba hivyo. Taita kwa mara nyingine imekuwa kipimo cha wengine. Tofauti ni kwamba safari hii Mkenya aliongoza uchimbaji na jina lake liko kwenye makala.

Anayedhani ng'ambo kuna kivuli aangalie vizuri. Msomi Mahmood Mamdani, aliyefukuzwa Uganda mwaka 1972 kwa kuwa mwenye asili ya Kihindi, aliajiriwa Chuo Kikuu cha Cape Town mwaka 1996, na miaka miwili baadaye akagombana na wenzake juu ya mtaala wa somo la Afrika ambao, kwa maoni yake, uliwaacha nje wasomi Waafrika wenyewe. Mwaka 1999 alikuwa ameondoka. Na Marekani, ambako wasomi wengi wa Afrika Mashariki wamejibanza, serikali ilifuta mwaka 2025 mamia ya ruzuku za utafiti wa afya, zikiwemo zilizohusu pengo kati ya weusi na weupe. Juni hiyo Jaji William Young wa Boston alisema ufutaji huo ni ubaguzi. Agosti Mahakama ya Juu iliruhusu sehemu kubwa yake iendelee.

Kijana wa Ronge anaweza kuahirisha Cambridge na kuanza na jambo la karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Woresha Mengo na wenzake waliunda Taita Hills Association kupinga kunyang'anywa ardhi. Mwaka 1940 serikali ilikipiga marufuku chama hicho pamoja na kile cha Wakikuyu na cha Wakamba, na viongozi wakazuiliwa. Mashamba makubwa ya katani ya Mwatate bado yapo, na wazee waliosikia habari hizo kwa baba zao wapo pia, ingawa wanapungua. Ripoti za maofisa wa wilaya wa miaka hiyo ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Kwenda huko hakuhitaji kupitia ubalozini: ni treni kutoka Voi, kitambulisho na ada ya msomaji. Anachohitaji ni wiki mbili zisizo na vipindi wala mitihani ya kusahihisha, na wa kumlipia malazi.