Studio za Masasi na programu ya bure: gharama imejificha wapi?

MASASI. Minada ya korosho inapofunguliwa mwezi Oktoba, fedha huanza kuzunguka Masasi na Newala, na wenye studio za picha na steshenari nao huingia msimu wao. Harusi huongezeka, na ikikaribia Januari fomu za shule hudai paspoti saizi. Ipo pia kazi ya kufufua picha kuukuu, ambayo haina msimu: picha ya marehemu iliyoliwa na unyevu ndani ya fremu, ambayo familia inaitaka kabla ya arobaini. Kazi hiyo haingoji. Studio ikishindwa leo, kesho mteja yuko Mtwara mjini.

Swali la mtaji ni programu gani ya kufanyia kazi hiyo. Photoshop tangu mwaka 2013 huuzwa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka, kwa kadi ya benki, na malipo yakisimama programu nayo husimama. Wengi hukimbilia nakala ya wizi kwenye flashi. Nakala hiyo inafanana na kangomba: raha huja mapema, maumivu huja wakati wa mavuno. Huweza kuja na virusi vinavyofuta kazi za wateja, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta sawa na vitabu.

Njia ya tatu ni GIMP, programu ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Ni ya bure, na hukaa vizuri kwenye kompyuta ya mtumba yenye mfumo wa Linux. Linux si mgeni Tanzania. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kwa picha zilizoharibika, GIMP peke yake huchosha mkono. Hapo ndipo inapohitajika programu jalizi, yaani kipande cha ziada kinachopachikwa ndani ya programu kubwa. Inayojulikana zaidi ni G'MIC, iliyozaliwa mwaka 2008 katika maabara ya GREYC mjini Caen, Ufaransa. Ina vichujio zaidi ya 500. Fundi hupaka rangi juu ya doa au mkunjo, kisha kichujio hujaza pengo kwa kuangalia sehemu zilizo jirani. Uso wa mtu bado unataka jicho la fundi. Kitambaa, ukuta na anga hujazwa kwa sekunde chache.

Bei yake ni sifuri, lakini hapo ndipo wafanyabiashara hukosea hesabu. GIMP huingia kwenye Linux kwa milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni ghala la mfumo wenyewe, linalofunguliwa kwa amri ya apt kwenye Ubuntu na Debian. Wa pili ni Flatpak, ambako programu hufungiwa ndani ya chumba chake. Aliyeingiza GIMP kwa Flatpak kisha akaleta G'MIC kwa apt ataambiwa kila kitu kimekamilika, ila akifungua programu hataona kitu. Huanza upya, hufuta, hupakua tena. Bando linaisha na mteja amekaa kwenye benchi.

Kanuni ni moja: jalizi ipite mlango uleule uliopitisha GIMP. Kuutambua, huandikwa flatpak list kwenye dirisha la amri. GIMP ikiwamo kwenye orodha, basi imetoka huko. Wa ghala la mfumo huandika sudo apt install gimp-gmic. Wa Flatpak huandika flatpak install flathub org.gimp.GIMP.Plugin.GMic, na akiulizwa tawi, achague linalolingana na toleo lake la GIMP. Njia zote mbili hutaja ukubwa wa mzigo kabla ya kuomba kibali. Mwenye bando dogo asome tarakimu hiyo kwanza, ndipo abonyeze Y. GIMP ikifunguliwa upya, G'MIC huonekana mwishoni mwa menyu ya Filters.

Aidha, toleo la GIMP 3.0 lilitoka Machi 2025, na jalizi nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya 2.10 hazifanyi kazi humo. Studio ambayo mashine yake inaingiza fedha kila siku haina sababu ya kupanda toleo katikati ya msimu. Ingoje Februari.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Studio ikitoza sh. 5,000 kwa kufufua picha moja, na bando la kupakulia likagharimu sh. 3,000, mteja wa kwanza amelipa bando na chenji imebaki. Siku nzima ikipotea kwa kupita mlango usio wake, hasara ni wateja wote wa siku hiyo.

Wenye studio mbili, moja Masasi na nyingine Newala, wanaweza kupakua mara moja tu. Amri ya sudo apt-get install --download-only gimp-gmic huacha mafaili kwenye folda ya /var/cache/apt/archives bila kuyasimika. Leseni inaruhusu kuyanakili na kuyagawa. Yakiwekwa kwenye flashi hupanda na basi hadi Newala, mradi kompyuta ya huko iwe na toleo lilelile la Linux. Vinginevyo mzigo utafika pungufu, na fundi atalazimika kutafuta mtandao kukamilisha vipande vilivyobaki.