Maji ya udhu na maji ya kunywa: Kila matumizi na kipimo chake

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), aliyetuteremshia maji na kuyahifadhi ardhini.

Ndugu Waislamu, watoto wetu hufundishwa madrasa kuyatazama maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Yakibadilika kwa najisi hayatwaharishi. Yakibadilika kwa chumvi au kibiriti cha ardhi yanamokaa, hubaki twahara. Kipimo hicho ni sahihi, lakini ni cha ibada, si cha afya. Mabaharia waliomwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari walikuwa wamebeba maji kidogo ya kunywa. Waliruhusiwa kutawadhia ya bahari, na yale ya kunywa yakabaki ya kunywa.

Tunaikumbusha tofauti hii kwa ajili ya ndugu zetu wa Mbeya na Iringa, ambako kisima kirefu ni miongoni mwa sadaka zinazopendwa. Maji ya ardhini huchukua tabia ya mwamba. Sehemu kubwa ya Iringa ni miamba ya kale, na maji hukaa katika nyufa zake. Mbeya ina ardhi ya volkano, kama milima ya Rungwe na Ngozi inavyoshuhudia, na chemchemi za moto za Songwe hutoa maji yenye sodiamu na gesi ya kaboni dayoksaidi. Mwaka 1982, kwa msaada wa Denmark, ulitolewa Mpango Mkuu wa Maji wa mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma. Hata hivyo, mpango wa mikoa hauwezi kuwa cheti cha kisima kinachochimbwa leo.

Tuitazame floraidi, madini ambayo aghalabu hupatikana katika maji ya volkano na ya chemchemi za moto. Haina rangi wala harufu, na ulimi hauitambui. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania, iliyowahi kuruhusu 4, imefuata kiwango hicho. Mtoto anayekunywa zaidi ya hapo kwa miaka, meno yake yakiwa bado yanajengeka, huota meno yenye madoa ya kahawia. Ikizidi sana, mifupa nayo hudhurika. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, bali maji yakipungua kwa mvuke floraidi hukolea.

Vivyo hivyo kwa matumizi mengine. Maji magumu, yenye kalisiamu na magnesiamu nyingi, hupoteza sabuni na kuweka magamba katika birika, lakini kwa kawaida hayamdhuru mnywaji. Yenye sodiamu nyingi yaweza kunyweka, kumbe yakimwagiliwa shambani huziba udongo na kuufanya mgumu. Naitreti itokayo vyooni na katika samadi, ikizidi miligramu 50 kwa lita, ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo.

Basi anayekusudia sadaka jaria aanze kwa kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Ile ya Rufiji ina ofisi Iringa, na ya Ziwa Rukwa ina ofisi Mbeya. Kisha sampuli ipelekwe maabara ya maji kabla jiwe la jina la mtoaji halijawekwa, na aulize: yanafaa kwa lipi? Choo kiwe mbali na kisima, na maji yapimwe tena mara kwa mara.

Ikiwa kisima kimekwisha chimbwa na floraidi imeonekana nyingi, hakuna haja ya kukifunga. Kiandikwe wazi kuwa ni cha udhu na kufulia, na paa la msikiti livune mvua katika tangi la maji ya kunywa na kupikia. Hivyo waumini watatawadha kisimani, na watoto wao watakunywa maji salama.

Wallahu a'lam.