Msaidizi Aliyebaki na Kazi

  Leo twataka kuwaeleza habari za mwalimu mmoja wa michezo ambaye kazi yake ilijulikana ulimwenguni kote, ingawa yeye mwenyewe hakusomea kazi hiyo.

Huenda mtu akauliza, mambo ya mbio na mpira yana faida gani katika kipindi kama hiki? Mtume Paulo hakuona haya kuwataja wakimbiaji alipowaandikia Wakorintho, kwa kuwa watu wale waliijua michezo. Nasi katika Ifo twaijua. Jioni, jua linapopunguza ukali wake, vijana hutoka wakacheza mchangani mpaka giza liingie. Vijana tunao. Anayepungua ni mtu mzima wa kusimama nao. Tukimwomba mmoja wetu awashike vijana wa michezo, au watoto wa shule ya Jumapili, au darasa lisilo na mwalimu, jibu lake huwa moja: "Mimi sikusomea kazi hiyo." Basi kwa ajili ya jibu hilo twaleta habari hizi.

Katika mwaka wa 1976 alifika Kenya kijana kutoka Ayalandi jina lake Colm O'Connell, mtawa wa shirika la Kikatoliki la Mtakatifu Patrick. Watu humwita Bruda Colm. Alipelekwa Iten, mji mdogo ulio juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenda juu kiasi cha meta 2,400 toka usawa wa bahari. Kazi aliyotumwa kufanya katika shule ya sekondari ya wavulana ya St. Patrick's ilikuwa kufundisha jiografia. Kuhusu riadha hakuwa na cheti wala ujuzi wowote.

Shuleni alimkuta mwalimu mwenzake, Mwingereza aitwaye Peter Foster, akiwafundisha wavulana kukimbia. Peter huyu alikuwa nduguye Brendan Foster, ambaye mwaka ule ule wa 1976 alipata medali ya shaba katika mbio za meta 10,000 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Bruda Colm akaanza kumsaidia. Baada ya muda usio mrefu Foster alirudi kwao, na kazi yote ikamwangukia yule msaidizi.

Hapa tutulie kidogo, maana jambo hili ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Kama Foster angaliifanya kazi peke yake, siku aliyoondoka kazi ingalikwisha. Lakini palikuwa na mtu pembeni yake anayetazama. Naye mtu huyo hakusema, "Tungoje mtaalamu aletwe." Aliishika kazi na kujifunza akiwa kazini. Wavulana wa Iten walikuwa wakimbiaji kabla yeye hajafika, basi akawafanya wanafunzi wake kuwa walimu wake. Aliwatazama wanavyokanyaga, wanavyobeba mikono, wanavyochoka, na wanavyopumzika.

Wala matunda hayakuja upesi. Mwaka ule aliofika, Kenya iliondoka katika Michezo ya Montreal bila kukimbia, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Mwaka 1980 Kenya haikwenda Moscow pia. Kwa hiyo mkimbiaji aliyekuwa katika nguvu zake miaka ile alifanya mazoezi huku mlango mkubwa umefungwa. Hata hivyo mazoezi ya Iten hayakukoma. Ilipofika mwaka 1988, miaka 12 tangu Bruda Colm afike, kijana aliyepitia mikononi mwake, Peter Rono, alishinda mbio za meta 1,500 katika Michezo ya Seoul. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Mwaka 1992 huko Barcelona, Matthew Birir, naye wa shule ile ile, aliangushwa katikati ya mbio za kuruka viunzi na maji. Akainuka, akawafuata wenzake, akawapita, akatwaa dhahabu.

Shule ile ilikuwa ya wavulana. Lakini mwaka 1989 Bruda Colm alianzisha kambi ya mazoezi ya vijana wakati wa likizo, na kwa njia hiyo wasichana nao wakapata nafasi. Miongoni mwa wanawake aliowafundisha katika miaka ya baadaye ni Janeth Jepkosgei, aliyekuwa bingwa wa dunia wa meta 800 mwaka 2007.

Habari ya David Rudisha yafaa tuieleze kwa urefu, maana inaonyesha subira ya mwalimu. Rudisha ni Mmaasai wa Kilgoris. Babake, Daniel Rudisha, alipata medali ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti huko Mexico mwaka 1968, naye kijana alitaka kukimbia meta 400 kama baba. Bruda Colm alimtazama, akamshauri ajaribu meta 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Watu wakatazamia makuu. Lakini mwaka 2008 aliumia, akakosa Michezo ya Beijing. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia mjini Berlin, alitolewa katika nusu fainali. Wengi wangalibadili mwalimu, na walimu wengi wangalibadili mwanafunzi. Hawa wawili walirudi Iten wakaendelea. Mwaka uliofuata, katika juma moja la mwezi wa Agosti, Rudisha aliivunja rekodi ya dunia mara mbili. Rekodi hiyo ilikuwa ya Wilson Kipketer, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wa St. Patrick's kabla ya kuhamia Denmark. Na tarehe 9 Agosti 2012, mjini London, Rudisha alishinda dhahabu ya Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hapana mtu aliyekuwa amekimbia chini ya dakika 1 na sekunde 41 kabla yake.

Sasa mtauliza, alikuwa akiwafundisha nini? Mgeni anayefika Iten hutazamia kuona mambo makubwa, naye huona watoto wakikimbia polepole, hatua fupi fupi, mwalimu akiangalia mabega, mikono na nyayo. Kwanza mwili ujifunze kukaa sawasawa, kasi itakuja baadaye. Tena hufanya mazoezi kwa kundi. Bingwa na mwanafunzi mgeni huanza pamoja, na yule mgeni hujifunza kwa kumwona aliyemtangulia.

Msidhani kwamba njia hii ni ya mbio peke yake. Katika Marekani palikuwa na mwalimu wa mpira wa kikapu wa vyuo, John Wooden, Mkristo aliyesoma Biblia yake kila siku. Mwaka wake wa kwanza wa kufundisha timu, katika shule moja ya Kentucky, alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mwaka 1948 alianza kazi katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akangoja mpaka 1964 ndipo timu yake ikawa bingwa wa vyuo vyote vya nchi. Kuanzia ubingwa huo hadi alipostaafu mwaka 1975, alipata ubingwa mara 10. Na somo lake la kwanza kila mwaka, hata kwa vijana wakubwa waliokwisha kusifiwa magazetini, lilikuwa jinsi ya kuvaa soksi na viatu. Soksi ikikunjamana hufanya lengelenge, na mwenye lengelenge hawezi kucheza.

Wooden aliangalia zaidi ya mguu. Mwaka 1947, alipokuwa akifundisha katika chuo cha ualimu cha Indiana, timu yake ilialikwa kwenye mashindano makubwa, lakini mchezaji mmoja, Clarence Walker, alikatazwa kwa kuwa ni mweusi. Wooden akakataa mwaliko. Mwaka uliofuata walialikwa tena, na safari hiyo Walker alikubaliwa. Timu ikafika fainali, ikashindwa. Lakini Walker alikuwa amecheza, mweusi wa kwanza katika mashindano yale. Mwalimu aliyekuwa hajapata ubingwa wa vyuo vya nchi hata mmoja alikubali kuukosa kwa ajili ya mchezaji mmoja. Nasi katika Ifo, ambako vijana wa timu moja huweza kuwa wa mataifa matatu na lugha nne, twajua maana ya jambo hilo.

Lakini, wapendwa, tuseme kweli. Ifo si Iten. Iten ina hewa ya milimani, na watu wake wamezaliwa katika desturi ya kukimbia. Shule yake ina uzio na vitanda, na kijana anayefanya vizuri anaweza kupanda basi akaenda kushindana Nairobi. Ifo ilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Somalia. Ni uwanda wa mchanga na miiba, na mkimbizi hawezi kutoka kambini bila kibali. Hatutawadanganya vijana kwamba wakikimbia sana jioni watavishwa dhahabu. Wengi hawatavishwa, hata huko Iten.

Ila kuna jambo moja la Iten ambalo halihitaji mlima wala basi, nalo ni yule msaidizi. Hapa kwetu watu huondoka. Mmoja hupata nafasi ya kwenda ng'ambo, mwingine hurudi kwao, mwingine hubadilishiwa kazi. Mwalimu wa posho aliyependwa na darasa zima huitwa juma hili, na juma lijalo hayupo. Twajua tunavyohuzunika, na twajua mara nyingi kazi yake huondoka pamoja naye, kwa sababu alikuwa peke yake.

Basi wewe uliye na kazi leo, timu au darasa au kwaya, mtafute mtu wa kusimama pembeni yako kabla hujaitwa. Usingoje siku ya kufunga mizigo. Mwache ashike filimbi, mwache akosee ukiwa ungali upo. Musa alifanya hivyo kwa Yoshua muda mrefu kabla ya kuuona mwisho wa safari yake.

Na wewe uliyeombwa kusaidia, usiseme kwamba hukusomea. Wengi wa wanaowafundisha watoto wetu hapa hawakupita chuo cha ualimu, na watoto wanasoma. Elisha, kabla hajawa nabii, alijulikana kama mtu aliyemmiminia Eliya maji ya kunawa mikono. Anza na maji ya kunawa. Fika kwa wakati. Jua jina la kila mtoto, ujue na yule asiyejua mchezo. Kama hujui la kuwafundisha, watazame. Siku ya thelathini utakuwa umeona jambo ambalo hukuliona siku ya kwanza.

Bruda Colm alipoacha kufundisha darasani aliendelea kukaa katika uwanja wa shule ile ile, akiwaangalia watoto wa watu wakikimbia polepole. Hapo shuleni imepandwa miti kwa heshima ya wakimbiaji waliopata ushindi mkubwa. Mti haukui kwa siku moja, na anayeupanda mara nyingi si yeye anayekaa kivulini. Nasi twajua katika Ifo jinsi kivuli kilivyo na thamani, na jinsi mche unavyotaka maji kila jioni, hata jioni tuliyochoka.

Mungu awape nguvu ninyi mnaosaidia, na awape moyo wa kubaki.