Eropleni Zichotazo Maji

Upande wa kusini wa Ufaransa, karibu na bahari ya Mediterania, mvua ni haba sana wakati wa kiangazi, yaani Juni hata Septemba. Misonobari na vichaka hukauka kabisa. Tena huvuma upepo mkali utokao kaskazini, uitwao Mistral. Cheche moja ikianguka, moto hupanda kilima mbio. Na mara nyingi cheche hiyo imetoka mkononi mwa mtu mzembe.

Hapo huitwa eropleni za rangi ya manjano na nyekundu. Hizo hazina haja ya kurudi kiwanjani kutafuta maji. Hushuka baharini au ziwani, zikateleza juu ya maji bila kusimama. Chini ya tumbo hufunguliwa mianya miwili midogo, na maji huingia yenyewe kwa nguvu ya mwendo. Katika sekunde 12 tu matangi hujaa lita 6,000 hivi! Wenye mashua hawana budi kujitenga upesi. Kisha rubani huinuka, akapita chini chini juu ya moto, akayamwaga. Kazi hiyo ni ya hatari, kwa maana moshi huficha vilima na nyaya za umeme.

Lakini maji hayo hupoza moto tu, hayaumalizi. Wazimamoto walio chini ndio waumalizao, kwa mipira ya maji na majembe. Na usiku eropleni hizo hazimwagi maji. Kwa hiyo sheria huwalazimisha wenye nyumba karibu na msitu kufyeka vichaka kuizunguka nyumba, mita 50 kila upande, kabla ya kiangazi kuingia.